Cheni ya Pikapu ya Kaka

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo alfajiri, na pikapu nayo imeanza. Nilipoiwasha ili niitoe chini ya bati, ikagonga mbele ya injini, kra-kra-kra, kama mtu anayetikisa misumari kwenye sufuria. Baadaye ikatulia. Nikajifanya sijasikia. Mimi ni fundi, ningekuwa nimeshamwambia mteja yeyote ukweli wake, lakini gari lako mwenyewe likianza kulia unageuka kiziwi.

Kaka alikuwa ndani anakunywa chai. Akatoka na kikombe mkononi, akasimama barazani.

"Nati, hiyo ni cheni ya taimingi."

Nati ndiye mimi. Aliniita hivyo nikiwa mtoto ninayeokota nati zake chini ya magari, na sasa nina mvi lakini jina halijabanduka.

"Umesikiaje na redio imewashwa hivyo?"

"Redio inaimba yake, cheni inaimba yake."

Nikacheka, roho ikatulia. Mtu anayesikia cheni iliyolegea kupitia ukuta na redio, nikajiambia, huyo akili yake iko palepale. Akaingia ndani. Mara akatoka tena, kikombe kilekile. "Nati, pikapu inagonga. Nadhani ni cheni." Nikamjibu kana kwamba ni habari mpya. Akaingia, akatoka tena. "Nati, umesikia pikapu?"

Wifi yangu, mkewe, alikuwa dirishani jikoni anatazama yote. Wifi akinyamaza ujue kuna jambo analipika.

Machi 5, Jumatano

Mvua kutwa. Hakuna mteja. Kaka amenyoa ndevu upande mmoja akasahau wa pili, nimemmalizia mimi. Tumecheka wote wawili.

Machi 8, Jumamosi

Wifi kaniita jikoni. "Kaa, wifi." Nikajua mambo yameiva, maana kwa kawaida huwa ananipa kazi, hanipi kiti.

Mtoto wao wa kwanza, yule aliyeko mji wa mbali, anataka kuwachukua wote wawili mvua zikiisha. Ana chumba tayari. Kuna hospitali karibu inayoshughulika na wagonjwa wa kusahau.

"Na gereji?" nikauliza.

"Gereji utabaki nayo wewe."

"Sikuulizi nani atabaki na gereji! Nakuuliza kaka atafanya nini huko, atakaa kwenye kochi atazame ukuta? Yule mtu bila harufu ya dizeli anakufa."

"Juzi nilimkuta amelala chini ya gari la mteja," wifi akasema. "Jeki peke yake. Hakuweka stendi, hakuweka hata gogo. Amelala usingizi kabisa, wifi. Anakoroma."

Hapo ningenyamaza. Kaka huyuhuyu aliwahi kunichapa kibao kwa kuingiza mguu tu chini ya gari lililoshikwa na jeki. Lakini mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia, "Sema tu umemchoka."

Akaendelea kukata vitunguu.

Nimpe haki yake, hakunijibu kwa ubaya. Mimi ndiye niliyepandisha sauti. Nilipoachika nikarudi na sanduku moja, kaka alinipa chumba cha uani na boksi la spana. Wateja waliocheka kuona mwanamke chini ya gari aliwaambia wakachekee kwingine. Pikapu hii tuliinunua pamoja mwaka ule, ikiwa tayari imechoka, na tangu hapo mita yake ya kilomita imezunguka yote ikarudi sifuri, ikaanza tena, ikakata tamaa ikasimama. Leo niambiwe atachukuliwa tu hivihivi?

Basi nikaweka dau. Nikasema, mwache kaka abadilishe cheni ya pikapu kwa mikono yake. Hiyo si kazi ya kubahatisha. Cheni ndiyo inayofunga pamoja krenki iliyo chini na kemshafti iliyo juu, ili pistoni inapopanda valvu ziwe zimeshajifunga. Ukikosea meno machache tu ya gia, pistoni na valvu zinagongana humo ndani na injini imekwisha. Mtu aliyeishiwa akili hawezi.

Wifi akafuta mikono. "Na wewe usimguse mkono."

"Sigusi."

"Haya. Ikiwaka, nitampigia mwanangu simu asije. Isipowaka, wifi, usinibishie tena."

"Sibishi."

Nimetoka pale nikiwa nimeshinda. Ila usingizi haunijii vizuri.

Machi 12, Jumatano

Ameanza. Nilimwambia, "Kaka, pikapu inakusubiri wewe," akavaa ovaroli bila kuuliza, akamwaga oili, akatoa rejeta, akafungua mkanda na puli. Mikono ile! Kichwa kinaweza kupotea njia ya kinyozi, mikono inajua inakokwenda.

Akachukua katoni kubwa, akaichorea uso wa injini kwa chaki, akatoboa matundu. Kila bolti anayoifungua anaichomeka kwenye tundu la mahali ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Mafundi wengine wanamwaga bolti zote kwenye bakuli, halafu wakati wa kufunga wanabaki wanakuna kichwa. Kaka huwaita wapiga ramli.

Nimekaa juu ya tairi nimejifungia mikono kwapani nisije nikamsaidia.

Machi 15, Jumamosi

Kifuniko cha mbele kimetoka. Cheni imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na zile reli za plastiki zinazoiongoza zimekatikakatika, vipande vyake tumeviokota chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Ilibaki kidogo tu injini ijivunje yenyewe.

Kaka akaishika cheni, akaipima kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Masikini. Imefanya kazi hii." Akafuta mikono. "Pikapu ya nani hii, Nati?"

"Yetu, kaka."

"Aa. Tumeinunua lini?"

Nikamwambia. Akasikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayekusimulia habari za kwao. Nikajisingizia nakwenda kufunga bomba, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka uso ukakauka.

Machi 17, Jumatatu

Muuza spea, tunayemwita Kesho, ameleta cheni. Si yenyewe. Anasema yenyewe itakuja kesho.

Machi 20, Alhamisi

Kesho hajaja. Mvua.

Machi 22, Jumamosi

Jana jioni nilipita mezani nikaona matundu mawili ya katoni hayana bolti. Nikatafuta chini kote na tochi, wapi. Nikalala nikijua bolti zile hazipatikani tena na wifi akizikosa nimekwisha. Asubuhi nikatoka, zipo, kila moja kwenye tundu lake. Amekumbuka mwenyewe! Nimekunywa chai ya leo kwa raha zangu.

Machi 24, Jumatatu

Tena. Jana jioni bolti tatu hazipo, asubuhi zipo. Kaka wangu huyu. Ningekuwa na ulimi mzuri ningemwimbia wifi.

Machi 26, Jumatano

Leo nimewahi kuamka, mvua imenitoa kitandani kwa kuvuja. Uani kulikuwa na mtu mezani. Wifi. Ameshika bolti kiganjani, anaichomeka tundu hili, anaitoa, anajaribu lile, midomo inacheza kama mtoto anayejifunza kusoma.

Aliponiona akashtuka, akaficha mkono nyuma.

"Nilizikuta kwenye soksi zake," akasema. "Jana zilikuwa kwenye kopo la sukari."

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu alipoanza."

Huyu ndiye aliyeniambia nisimguse mkono! Huyu ambaye nimekuwa namtukana moyoni kila ninapopiga mswaki. Nilitaka kusema neno kali. Nikamsogelea.

"Hiyo ndefu ni ya chini kabisa, wifi. Fupi ni za juu."

"Ndiyo maana zinakataa," akasema, akaicheka bolti.

Tukazipanga wote wawili. Nikamwambia na mimi jioni, kaka akishaingia ndani, huwa napita nyuma yake kuondoa vitambaa na spana alizosahau ndani ya injini. Akasema anajua, ananiona dirishani. Tumekula njama pamoja, kila mmoja akimficha mwenzake. Tukacheka kwa sauti ya chini tusimwamshe. Kisha wifi akaacha kucheka, akasema, "Lakini wifi, hivi ni kweli kazi hii anaifanya yeye?" Nikaenda kuwasha jiko.

Machi 29, Jumamosi

Mvua. Kaka amemwita wifi "mama". Wifi ameitika.

Aprili 2, Jumatano

Cheni imekuja, na safari hii ni yenyewe. Reli mpya, kikaza kipya, gia mpya zote mbili. Naandika polepole ili siku hii isiniponyoke.

Cheni mpya huja na viungo vichache vilivyopakwa rangi. Ukifunga, kiungo cha rangi kinakaa juu ya alama ya gia ya chini, na vingine juu ya alama ya gia ya juu. Kaka aliikung'uta, akaipaka oili, akaishusha polepole. Akaweka rangi ya chini kwenye alama, akavuta, akaweka ya juu. Akakagua kwa tochi, akachomoa pini ya kikaza, kikaruka tap! na cheni ikakaza. Sikugusa. Naapa, sikugusa hata kitambaa.

Kisha akafanya sheria yake ya miaka yote: akatia spana kwenye krenki akazungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna kitu kinagusa. Hakuna. Ikazunguka laini kabisa. Alama za gia zikarudi mahali pake, ya chini na ya juu. Ila rangi za cheni zilikuwa zimesogea, zimekaa mbali na alama, maana cheni ni ndefu na hairudi ilipoanzia upesi hivyo.

Akanigeukia, macho yake ni yale ya zamani.

"Sikiliza, Nati. Usishangae rangi zikipotea. Rangi ni za siku ya kufunga tu, kazi yake imekwisha. Ukishazungusha, zisahau, fuata alama za gia. Mafundi wengi wameua injini kwa kufukuza rangi."

Maneno yaleyale aliyonipa nilipofunga cheni yangu ya kwanza. Yaleyale! Nililia pale pale mbele yake, akaniuliza kama nimeingiwa na oili jichoni. Wifi akasikia kilio, akatoka jikoni na sufuria, akatikisa kichwa akitabasamu. "Haya, wifi," akasema. "Haya."

Hatukufunga kifuniko, bati linavuja na gundi inataka pakavu. Tutafunga kesho.

Aprili 3, Alhamisi

Asubuhi mteja kakwama njiani, nikaenda kumkwamua, nikanyeshewa hadi mifupani. Nimerudi mchana nikakuta kaka ameshafunga kifuniko. Kimefutwa kinang'aa, gundi imetoka sawasawa pembeni, katoni tupu, hakuna hata bolti moja iliyobaki.

"Nimekumalizia," akasema. Alikuwa amejaa furaha mpaka masikioni.

"Umezungusha kwa mkono, kaka?"

"Nimezungusha."

Nikambusu shavu lake lenye grisi.

Aprili 5, Jumamosi

Rejeta, mkanda, oili. Betri tumeiweka chaji. Jumatatu tunawasha.

Aprili 7, Jumatatu

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilipumzika asubuhi, nikaona ni dalili njema. Wifi alivaa vizuri. Akampigia mwanawe simu akaiweka sauti ya nje, akaishika juu kama bakuli. "Sikiliza injini ya baba yako," akamwambia. Kijana akasema, "Shikamoo shangazi," nikasema, "Marahaba, mwanangu, kaa mkao wa kusikiliza."

Kaka akapanda, akarekebisha kiti, akatazama kioo cha nyuma kana kwamba anatoka safari. Akazungusha ufunguo.

Stata ikavuta, ikavuta, injini ikakohoa mara moja kama inataka kuwaka, halafu ikaja sauti ambayo fundi yeyote akiisikia anataka ardhi impasukie. Chuma kwa chuma. Nzito, ya ndani. Kisha kimya. Stata ikalia ngi! ikagoma.

"Nini hiyo?" kijana akauliza kwenye simu. "Shangazi? Nini hiyo?"

Kaka alizungusha ufunguo tena, na tena, nikakimbia nikamshika mkono. "Acha, kaka. Acha." Akanitazama. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa amepotea. "Nimefanya nini?" akaniuliza. Nikasema, "Hujafanya kitu. Betri tu." Wifi akakata simu.

Nilimpeleka kaka ndani nikamfungulia redio. Kisha nikaenda kwa wifi jikoni nikasema uongo niliokuwa nimeutunga njiani, kutoka barazani hadi jikoni, hatua chache tu.

"Ni mimi, wifi. Nilifungua ile cheni Jumatano jioni nikataka kuikaza zaidi, nikaikosea. Si yeye. Hilo halihesabiki. Tuanze upya."

Wifi alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja, akakikunjua.

"Alhamisi ulipokwenda kwa mteja nilikuwa hapa dirishani," akasema. "Alikuja na tochi. Akatazama mle ndani, akaanza kusema, rangi hazijakaa, rangi hazijakaa. Akasikitika, wifi, kama ameharibu kitu cha watu. Akalegeza kile kidude cha pembeni, akachomoa gia ya juu, akaigeuza mpaka alama yake ikaifikia rangi. Akafurahi. Akafunga kifuniko anapiga mluzi."

Nikakaa chini, sakafuni palepale.

Alifukuza rangi. Kaka yangu. Na nilipomuuliza kama amezungusha kwa mkono alinijibu ukweli wake, alizungusha, Jumatano, kabla ya kuigeuza gia. Spana ile ingezungushwa Alhamisi nusu duara tu, ingegoma, tungejua. Nami sikuzungusha. Nilitaka sana iwe imekwisha.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningejuaje kuwa ni kosa? Nilimwona anafanya kazi, anapiga mluzi. Nilidhani ndivyo inavyofanywa." Sauti ikamkatika. "Uliniambia nimemchoka. Ndiyo, wifi, nimechoka. Ananiuliza mke wake yuko wapi na mimi nimekaa naye kitandani. Nafunga mlango kwa kamba ili asitoke. Lakini unadhani nilitaka isiwake? Nimeomba iwake kuliko wewe."

Mimi mwenye mdomo nilimshika miguu, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Aprili 8, Jumanne

Mvua.

Aprili 9, Jumatano

Mvua. Kijana anakuja baada ya wiki mbili na ushee. Sikubisha.

Aprili 11, Ijumaa

Nimefungua kifuniko. Nikairudisha krenki polepole mpaka alama yake. Ya juu iko mbali, imepita meno kadhaa. Nikatoa hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Valvu zimepinda karibu zote. Sijala.

Aprili 12, Jumamosi

Ningeweza kuacha kuandika hapa. Sioni anayenufaika. Kila nikipita uani naiona injini iko wazi, na maji ya bati yanadondokea mahali palipokuwa na hedi, na nimeweka turubai na turubai nalo limetoboka. Kesho kaka atauliza tena kwa nini pikapu iko wazi, nami nitajibu tena. Niseme ukweli wangu hapa: leo alipouliza mara ya nne nilimfokea. Akasema, "Samahani, fundi," akarudi ndani. Hakusema Nati.

Aprili 15, Jumanne

Kaka alikuja uani na kikombe chake, akasimama juu yangu, akaangalia injini. Nikaona macho yanakaza, ule mkunjo kati ya nyusi unarudi. Akaweka kikombe chini. Akashika tochi.

"Alama ya chini iko mahali pake," akasema. "Ya juu imepita." Akazifuata kwa kidole chaki nilizoziweka kwenye cheni na gia kabla ya kutoa hedi. Akatazama valvu nilizozilaza kwenye kitambaa, akaokota moja, akaibiringisha mezani ikayumba. "Huyu aliyefunga alizungusha kwanza, akaona rangi zimeondoka, akaifukuza rangi kwa gia. Nani huyu mpiga ramli?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele. Ningeweza kujifanya sijasikia.

"Ni mimi, kaka."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilitegemea kibao. Hakunipiga. Alivuta tairi akakaa karibu nami, akaweka mkono begani kwangu, mzito, wenye harufu ya dizeli.

"Usilie. Ni kosa la mtu anayetaka kufanya vizuri. Mzembe hafukuzi rangi, mzembe hata haoni rangi. Lakini sikiliza. Ukiona kitu hakilingani na ulivyokiacha, usikimbilie kukigeuza. Kaa kwanza. Jiulize, je, kimeharibika, au kimesogea tu?"

"Nimesikia, kaka."

"Rudia."

Nikarudia neno kwa neno. Akatikisa kichwa, ameridhika. Alikuwa yeye mzima, mzima kabisa, anayejua kila kitu kuhusu kosa lile isipokuwa mwenye kosa. Nikafikiri, nimwite wifi, aje amwone, aje aone hakuna sababu ya kumpeleka popote! Nikageuka, wifi yuko dirishani, amesikia yote, amejiziba mdomo kwa kiganja. Tukatazamana. Tulijua wote wawili kwamba haisaidii kitu.

Niliporudisha macho, kaka alikuwa anatafuta kikombe chake. Kilikuwa miguuni pake. Nikampa.

Aprili 19, Jumamosi

Wifi anafunga mizigo. Nimemsaidia. Ovaroli ya kaka tumeitia sandukuni, tukaitoa, tukaitia tena.

Aprili 22, Jumanne

Mvua imepungua. Afadhali ingenyesha.

Aprili 26, Jumamosi

Wamekwenda.

Kijana alifika asubuhi. Amefanana na baba yake hata anavyokohoa. Alitaka kunipa maneno ya kunituliza, "Shangazi, atatunzwa, utakuja kumwona," nikamwambia apakie mizigo, nisije nikamtapikia hasira ambayo si yake. Wifi tulikumbatiana mlangoni mpaka akasema nimemchafua grisi, na kweli nilikuwa nimemchafua. "Nisamehe, wifi," nikasema. "Kwa lile neno." Akasema, "Neno gani?" Akanibana shavu.

Kaka alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amevaa shati la kutokea, nywele zimechanwa kama za mtoto anayepelekwa shule. Nikaenda dirishani kwake. Nilikuwa nimepanga la kusema. Akaninyooshea mkono wa kuagana, kwa heshima zote.

"Asante kwa kazi, fundi."

"Asante, kaka."

Akachungulia nyuma yangu, kule uani, kwenye pikapu iliyofunuliwa. Akashusha sauti ili asinifedheheshe mbele ya watu.

"Ile cheni ukikwama nayo, usione haya. Nina mdogo wangu, mwanamke, ana gereji. Mtafute. Anaitwa Nati. Mwambie nimekutuma mimi." Akaupiga mkono wangu kidogo. "Yeye hawezi kukosea pale. Nimemfundisha mwenyewe."

"Nitamtafuta," nikasema.

Gari likaondoka. Nimesimama barabarani mpaka jirani akaniuliza kama nasubiri mtu.

Aprili 30, Jumatano

Kesho ameleta valvu.

Mei 6, Jumanne

Hedi imerudi. Gasketi mpya. Nimechora katoni na kutoboa matundu. Jioni bolti zote zipo, asubuhi bolti zote zipo. Hakuna anayezichukua, na hakuna anayezirudisha.

Mei 10, Jumamosi

Jua kali, mara ya kwanza tangu Machi. Nimezungusha kwa mkono mizunguko miwili, kisha miwili mingine. Rangi zikaenda zake. Nikafunga kifuniko. Nikawasha.

Imewaka mara moja. Haigongi. Nilikaa ndani yake nikiisikiliza, nikasubiri nifurahi, furaha haikuja. Nilichokipata ni injini nzima na ua mtupu.

Nikampigia wifi. Akasema leo si siku nzuri, kaka hajasema neno tangu jana, halafu akasema, "Ngoja," akampa kaka simu. Nikaiweka simu yangu juu ya boneti. Nikairudisha sikioni baada ya muda, nikasikia anapumua. Alikuwa bado anasikiliza.

"Gari la nani hilo?" akauliza.

"La kaka yangu," nikasema.

Injini ikaendelea kunguruma.

"Mwambie cheni yake iko sawa."